Mtu Alete Dawa

Pinga, tarehe 10 Februari 2013

Kwa mdogo wangu Jules,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kichwa chako bado kiko juu ya mabega. Sisi hapa hatujambo, kwa kadiri watu wa Pinga wanavyoruhusiwa. Duka linafunguliwa asubuhi, linafungwa risasi zikianza, linafunguliwa tena zikinyamaza. Wateja wameshazoea saa zetu. Mlima wa huku una wakubwa wake, mlima wa kule una wakubwa wengine, na wote wananunua chumvi kwangu na kuniita Mama kwa heshima nyingi. Mnara wa simu umelala tangu Noeli, ndiyo maana unalazimika kusoma mwandiko wangu. Posta yetu ni Guy wa pikipiki. Akifika mpe chakula, njia nzima huwa amekula matope tu.

Baba yetu kule Butembo anaendelea na mguu wake. Mkwe wangu Kasika, mume wa Céline, amezuiwa upande huo huo pamoja na lori lake, barabara imefungwa. Anatuma salamu kwa kila mfanyabiashara anayepita. Tuna salamu za kutosha, tungeweza kuzianika na kuziuza.

Céline ana mimba, anatazamia kujifungua mwezi wa sita. Najua umeshasikia, maana uliniandikia kile kikaratasi chako: «Yaya, dada yangu, umlete azalie kwenye kituo chetu cha afya.»

Asante kwa ukarimu. Lakini binti mmoja nilishawaletea. Nilimleta akitembea kwa miguu yake, akicheka, kitambaa cha kichwa amekifunga fundo upande wa sikio la kushoto kama alivyopenda. Unakumbuka? Mimi nalirudisha fundo katikati, yeye analirudisha pembeni mara tu nikigeuka. Mlinirudishia amefungwa ndani ya shuka la kituo, yeye na mtoto wake, na baadaye mtu mmoja mpole sana akaja kuniomba nirudishe shuka. Nililifua, nikalirudisha. Tulilelewa vizuri.

Najua wewe hukuwepo siku ile, ulikuwa Goma kufuata dawa. Sikulaumu. Nauliza kitu kimoja, na huu ni mwaka wa pili nauliza: nani alikuwa mle chumbani, na kwa nini damu ilitoka mpaka ikamaliza mtoto wangu wakati sindano ya kuizuia ilikuwemo kabatini? Kwamba ilikuwemo, mliniambia wenyewe, kama vile ni habari ya kunifariji. Kila nikikuuliza hilo unanijibu habari za mvua.

Nijibu, halafu tutaongea juu ya Céline.

Dada yako,
Kaswera


Kituoni, juu ya Mweso, tarehe 6 Machi 2013

Kwa Yaya Kaswera, mama wa duka lisilofungwa na vita,

Nakusalimu sana, na Céline, na tumbo lake. Barua yako imefika baada ya majuma matatu. Guy alikaa kijiji kimoja mpaka watu wa kizuizi wakachoka kumtazama. Nimempa maharagwe na viazi, amekula kama watu wawili, kisha akauliza kama jibini lipo.

Huku mvua inanyesha sana. Samahani, ni mazoea.

Wakimbizi wamejaa shuleni, watoto wanasomea chini ya mahema, na sisi wa kituo tumepewa msaada mkubwa: mafunzo. Tulikuwa tumeomba mafuta ya mashine ya umeme, lakini aliyetoka Goma na gari alileta mwalimu. Anaitwa Verdiane, mwanamke mdogo wa umbo, sauti yake inasikika mpaka sokoni. Kazi yake ni kutufundisha namna ya kusaidiana mzazi anapopata hatari. Si kwa kuandika ubaoni. Tunaigiza. Mmoja anajifanya mzazi, wengine tunafanya kazi kama siku ya kweli, kisha tunakaa kwenye duara na kuulizana tumefanya nini.

Alileta tumbo la bandia la kufunga kiunoni, ndani yake mna mtoto wa mpira na mfuko wa damu. Damu yenyewe ni tomati ya kopo iliyochanganywa na maji. Nzi walikuwa wa kwanza kuhudhuria.

Shida ilianza palepale. Nani avae tumbo? Athanasie, msaidizi wetu kijana, alikataa: «Miye nijifanye maiti nikiwa muzima? Mama yangu akisikia ataniulizia nini?» Nyirabagenzi, mkunga wetu mkubwa, aliligusa lile tumbo, akaliacha. Alitoka nje, akarudi baadaye macho mekundu, akasema ni moshi wa jikoni. Yaya, siku ile jikoni hakukuwa na moto.

Basi tumbo likavaliwa na Papa Jean-Marie, mlinzi wa geti. Unamkumbuka, yule mwenye ndevu na koti la mvua la kijeshi. Alijifungua mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili Verdiane akafungua mfuko, tomati ikamwagika kitandani, na sisi waganga wenye vyeti tukaanza kukimbia. Mmoja alileta pamba. Wa pili alileta pamba. Mimi nilileta taa, mchana. Nyirabagenzi alikuwa amekandamiza lile tumbo kwa mikono miwili akiita, «Muntu alete dawa! Muntu alete dawa!» Dawa haikuja. Verdiane akatazama saa yake na kusema kwa upole, «Papa Jean-Marie amekufa.»

«Nimekufa kweli?» akauliza marehemu.

Tulipokaa kwenye duara, Verdiane akamuuliza alijisikiaje. Tulitegemea achekeshe watu. Akasema: «Hakuna hata mumoja aliniongelesha. Muliongea juu yangu kama vile miye niko mufuko wa mihogo. Ningekufa kweli, ningekufa bila kujua ni wapi.»

Tangu siku hiyo anadai uji, kwa sababu mzazi hupewa uji.

Yaya, nakuomba tena, mlete Céline. Juu ya lile swali lako, nitakuandikia nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Jules


Pinga, tarehe 2 Aprili 2013

Kwa mdogo wangu Jules,

Salamu nyingi kwako, na pongezi kwa Papa Jean-Marie kwa uzazi wake. Mtoto ana kilo ngapi? Mwambie asibebe mizigo mizito, na geti alifunge mtu mwingine mpaka apate nguvu.

Huku tunaendelea. Wakubwa wa mlima wa huku wameondoka, wamekuja wale wa mlima wa kule. Wamelitangazia soko kwamba sasa tuko huru. Tuliwapigia makofi, kama tulivyowapigia wa kwanza. Mahindi ya nyuma ya nyumba yalianza kukomaa, tumeyala mabichi kabla hayajapata wenyewe. Céline amevimba miguu kidogo, anakula mihogo ya kuchoma na udongo mweupe. Ukimkataza anakujibu kwamba mtoto ndiye anayeomba.

Nilicheka barua yako, halafu nikaacha kucheka. Nilifika pale kwenye «muntu alete dawa», nikaweka karatasi chini, nikaenda kupima chumvi ya mteja, nikarudi. Jules, hebu niambie: nyumba nzima ya waganga, anaitwa mtu, na kila mmoja anajua kwamba yeye siye?

Umesema utanijibu ukipata nafasi. Kumbe nafasi imekosekana. Ukurasa mzima wa tomati umepata nafasi.

Nikueleze na ya huku, ili usidhani nina kiburi tu. Mganga wa kituo cha Pinga ameondoka. Hakukimbia vita, hapana, vita ameizoea. Ameenda Omate kuchimba dhahabu. Alipita dukani kununua koleo, akaniambia bila haya, «Mama, huku ninazalisha bure, kule udongo utanizalia miye.» Nilimtakia uzazi mwema. Kwa hiyo Céline akikaa hapa atazalishwa na mimi na jirani, na taa ya mkono, na Salamu Maria. Akija kwenu atazalishwa na watu wawili wenye pamba na mmoja mwenye taa mchana.

Usiku... la, siandiki habari za usiku. Nauliza tu. Nani alikuwa mle chumbani na binti yangu?

Ukituma barua nyingine isiyo na jibu, usimchoshe Guy. Mpe jibini aje nalo.

Dada yako,
Kaswera


Kituoni, juu ya Mweso, tarehe 28 Aprili 2013

Kwa Yaya Kaswera,

Nakusalimu wewe na Céline. Mimi ni mzima. Wagonjwa ni wengi, mahema yameongezeka. Jibini analo Guy, kama hajalila njiani. Nakuletea na jibu.

Mafunzo hayakuisha siku ile. Verdiane alirudi, kwa kuwa gari lake lilizuiwa Kitshanga na hakuwa na pengine pa kwenda. Alitushika kabisa. Sheria zake ni mbili, mtoto wa shule angezielewa, sisi zilitushinda. Ya kwanza: ukimwagiza mtu kitu, mwite jina. Ya pili: ukiagizwa, rudia kwa sauti ulichoagizwa, ili aliyekuagiza ajue kimesikika.

Ile ya pili ilituletea ugomvi. Athanasie aliambiwa alete serumu, yale maji ya kuingiza mshipani, akarudia: «Naleta serumu.» Grégoire, anayeshika ufunguo wa dawa, akamgeukia: «Unarudia maneno ya mukubwa? Unamuchekelea?» Huku kwetu mkubwa akisema unainamisha kichwa na kunyamaza, na mkubwa haambiwi kwamba unachokwenda kuleta sicho alichotaka. Tulihitaji mchana mzima kukubali kwamba kuitika si utovu wa adabu.

Lakini ile ya kwanza ndiyo iliyotuvua nguo. Papa Jean-Marie akalala, tomati ikamwagika, Nyirabagenzi akakandamiza tumbo na kuita, «Muntu alete dawa!» Verdiane akasimamisha mchezo.

«Mama Nyirabagenzi, ni muntu gani?»

«Ule wa pale.»

«Ana jina?»

«Iko nalo.»

«Basi umuite.»

Nyirabagenzi akafungua mdomo na kuufunga. Akarudia hivyo mara kadhaa, kama samaki. Mikono yake ilikuwa bado juu ya tumbo la Papa Jean-Marie. Mwisho akasema polepole, «Siwezi. Ni jina ya baba-mukwe wangu.»

Kwao, Yaya, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe. Hata akilikuta kwa mtu mwingine analizunguka. Baba mkwe wake anaitwa Grégoire. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja hajawahi kumwita Grégoire wetu kwa jina. Grégoire alicheka: «Kumbe njo maana! Miye nilizani unanichukia!» Athanasie naye akacheka. Halafu Nyirabagenzi akasema, bila kumtazama yeyote, «Hata siku ile ya binti ya Butembo, niliita muntu.»

Grégoire akatia mkono mfukoni, akaushika ufunguo.

Nadhani umeshaelewa, lakini nimeahidi kuandika. Siku ile chumbani alikuwemo Nyirabagenzi, mikono yake ikikandamiza tumbo la binti yako, asiweze kuiondoa. Alikuwemo msaidizi mwingine, ambaye siku hizi hayuko hapa, amembeba mtoto aliyekataa kupumua. Na Grégoire alikuwa nyuma ya mlango, ufunguo mfukoni, anasubiri kuitwa. Aliyembeba mtoto alidhani anayeitwa ni Grégoire. Grégoire alidhani anayeitwa ni yule wa ndani, maana wa ndani ndiye aliye karibu. Walimsikia wote wawili. Ilipofika sindano, haikuwa na kazi.

Ndiyo hayo. Si uchawi, si vita, si umaskini. Nilikuwa na sababu kubwa kubwa za kukuandikia, na kweli imekuja ndogo kiasi hiki, ndiyo maana iliniwia vigumu kuileta. Mimi mwenyewe nimeijua kwenye mchezo wa tomati, pamoja na wengine.

Pale kwenye mchezo, Papa Jean-Marie akainuka kitandani, tumbo lake likiwa bado kiunoni. «Mumuite kwao,» akasema. «Si anatoka Walikale? Museme Walikale alete dawa. Baba-mukwe atakasirikia nini?»

Basi tumefanya hivyo. Grégoire ni Walikale. Athanasie ni Rutshuru. Nyirabagenzi ni Masisi. Mimi ni Butembo, na kazi yangu ni kumwongelesha mzazi. Ungekuja ukasikia! Mle ndani Masisi anamwita Walikale, Walikale anaitika palepale, Rutshuru anamletea Butembo maji bila kuuliza ni ya kabila gani. Kisha tunafungua dirisha na kusikia majina hayo hayo yakipigana mlimani. Verdiane alisema hajawahi kuona mkutano wa amani uliofanikiwa hivi. Nilimjibu ni kwa sababu haukuwa na posho.

Papa Jean-Marie amejifungua tena mara nyingi. Hafi siku hizi.

Yaya, kama hutaki Nyirabagenzi awepo siku ya Céline, niambie tu. Nitampanga siku nyingine, na ataelewa.

Jules


Pinga, tarehe 14 Mei 2013

Kwa mdogo wangu Jules,

Salamu. Jibini limefika, limeng'atwa pembeni. Guy anasema ni panya. Panya huyo ana meno mapana.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaiweka chini ya mzani. Wateja wameniambia nimekuwa mkarimu, nawazidishia chumvi. Kumbe nilikuwa sitazami mzani.

Miaka miwili nimekuwa nikitafuta mtu wa kumchukia, Jules. Nilikuwa nimeshamtengeneza kichwani, mnene, mlevi, anayeuza dawa za kituo sokoni. Nilimpa hata sauti. Sasa unaniletea mwanamke mwenye adabu anayemheshimu baba wa mumewe. Ulishindwa kunitafutia mtu mbaya kidogo? Mimi pia nimeolewa. Jina la baba mkwe wangu sijawahi kulitamka mpaka alipokufa, na hata sasa nikilitamka nashusha sauti. Ningekuwa mimi mle ndani, nami ningeita mtu.

Céline tunamleta. Nasema tunamleta kwa kuwa nakuja naye. Duka nalifunga, wakubwa wa mlima watanunua chumvi pengine. Guy atampakia polepole, mimi nitafuata na pikipiki ya mwenzake, tutalala njiani tukichoka. Tunakuja mapema ili tumbo lisituharakishe.

Umeniuliza juu ya Nyirabagenzi. Nataka awepo. Wengine nitawaogopa, kwa kuwa wao hawajawahi kuogopa.

Guy analeta bidoni, dumu zima, la mawese ya huku. Nusu yako, nusu ya Nyirabagenzi. Usimpe hotuba pamoja nayo. Mpe mawese tu.

Dada yako,
Kaswera


Goma, tarehe 9 Juni 2013

Kwa Yaya Kaswera, nyumbani kwangu,

Nasikia mmefika salama, na kwamba umeshapanga upya sufuria zangu. Namshukuru Mungu kwa la kwanza.

Nilikuja Goma siku tatu tu, kufuata dawa. Barabara imefungwa nyuma yangu. Tumejaa hapa, na kila dereva ana jirani mwenye habari za hakika kwamba itafunguliwa kesho. Nimezikusanya kesho nyingi.

Mara ya kwanza nilikuwa Goma. Na sasa niko Goma. Nakaa kwenye ubao wa nyuma wa gari, nina makasha ya serumu pembeni, nafikiria nani atakuwa Butembo mle ndani. Mafunzo hayakutuambia mmoja akikosekana inakuwaje.

Mpe Céline salamu. Mwambie asile udongo.

Jules


Kituoni, juu ya Mweso, tarehe 20 Juni 2013

Kwa mdogo wangu Jules,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, ambayo ina miguu mitatu na jiwe. Sufuria zako mbili nimezitupa, kijiko kimoja nimekiokoa. Mfuniko hujawahi kuwa nao, sijui mvuke unauonaje. Baba anaendelea na mguu wake. Kasika ametuma salamu nyingine.

Ulisubiri nianze na Céline, najua. Nami nilisubiri miaka miwili, basi vumilia mistari miwili.

Céline amejifungua Alhamisi iliyopita, asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Mtoto wa kike. Alilia kabla hajamaliza kutoka, kama anayedai haki yake. Niliambiwa nikae kwenye benchi nje ya mlango, na mlango ukaachwa wazi, maana huo nao ni utaratibu wa Verdiane. Niliona miguu ya Céline, mgongo wa Nyirabagenzi, na Grégoire amesimama mahali anapoonekana. Safari hii hakuwa nyuma ya mlango.

Halafu nikasikia Nyirabagenzi amebadilika sauti. Hakupiga kelele. Alisema wazi kabisa, kama anayetangaza kanisani: «Mama anatoka damu nyingi. Walikale, sindano ya kukaza kizazi.»

«Walikale analeta sindano!»

«Rutshuru, serumu.»

«Rutshuru anaweka serumu!»

Jules, nilijua kila neno kabla halijasemwa, na hata hivyo nilishika benchi kwa mikono miwili. Si tomati. Harufu ya tomati ningeijua.

Kisha Nyirabagenzi akaita, mikono tumboni, bila kugeuka: «Butembo, muongeleshe muzazi!»

Hakuna aliyejibu. Ilikuwa kazi yako. Aliita kwa mazoea, mikono yake inajua hesabu ya watu, haijui habari za barabara. Akaita tena: «Butembo!» Na mimi nikaona palepale mbele yangu lile jambo lenyewe, linaanza upya. Jina limeitwa, na kila mtu anajua kwamba siye.

Nikasimama. «Butembo iko hapa!»

Akageuka, akanitazama. Tangu nifike tulikuwa tumesalimiana tu, asubuhi na jioni, kwa adabu kubwa, kama watu wawili waliobeba mtungi mmoja. Akasema, «Mama, ingia. Mushike mukono. Mumuite jina yake, asilale. Musiache.»

Nikaingia, nikamshika. Mkono ulikuwa wa baridi na wenye jasho. Macho yake yalikuwa yanaenda juu. Nikaita. Nikaita kwa nguvu zangu zote, nikasikia mwenyewe ninaita Kasoki.

Unajua kwamba jina hilo sijaliandika wala kulisema tangu tumzike. Yumo katika barua zangu zote, na hakuna alipotajwa. Sasa lilikuwa linatoka, na halikusimama. Kasoki, Kasoki, Kasoki. Nilitaka kulibadilisha, ulimi ukakataa.

Céline akafungua macho. Mdomo wake ulikuwa mweupe kama unga. Akasema, kwa ule uchovu wake wa kukemea watu, «Mama, Kasoki haiko huku. Miye njo Céline. Uniite miye.»

Nikaacha kuita, nimeona haya mbele ya watu. Nyirabagenzi hakuondoa mikono. Alikuwa analia bila kufuta machozi, maana hakuwa na mkono wa kufutia. Akasema, «Endelea, Mama. Uite wote wawili.»

Nikawaita wote wawili. Mmoja alijibu.

Damu ilipungua, kisha ikasimama. Grégoire aliendelea kutangaza kila alichofanya hata baada ya kuambiwa inatosha, «Walikale ananawa mikono! Walikale anakaa chini!» na kweli akakaa chini, sakafuni, akafunika uso.

Céline sasa anakula. Papa Jean-Marie alikuja kumtembelea, amevua kofia, amemletea uji kwa mkono wake. Akamwambia, «Wa kwanza njo anauma, mwenzangu. Wengine utazoea.» Céline alicheka mpaka nikaogopa nyuzi alizoshonwa zitakatika. Shuka la kituo nililifua na kulirudisha kabla hajaja mtu mpole kuliomba.

Mtoto bado hana jina, tunakusubiri. Uje na hizo serumu, zimepungua, na jina moja zuri ambalo si la baba mkwe wa mtu.

Jambo moja la mwisho. Jana Nyirabagenzi alikuja kumwandaa Céline atoke nje kuota jua kidogo. Alimvika kitambaa cha kichwa, na kwa kuwa alisimama upande ule, akafunga fundo karibu na sikio la kushoto. Mkono wangu ulishanyooka kulirudisha katikati. Nikauweka chini, nikaliacha palepale.

Dada yako,
Kaswera